Moshi wa Bibi Hamira

Kabla jogoo wa mtaa hajasafisha koo, Dobi alikuwa ameshafagia ua wake. Alifagia kutoka ukuta hadi ukuta, akirudi kinyumenyume ili hata nyayo zake zisibaki. Jani la mpera wa jirani likiruka ukuta, lilikuta ufagio unalingoja. Watu walisema kuku wa Dobi hupangusa miguu mlangoni. Huo ulikuwa uongo. Dobi hakufuga kuku. Alisema kuku ni kiumbe asiyejua choo kiko wapi.

Usafi ndio uliomlisha. Yeye alifua nguo za watu. Mkewe alizipiga pasi ya mkaa tangu ujana wake, mpaka mtaa ukamwita Mama Pasi. Mtoto wao wa pekee alikuwa fundi mwashi. Alijenga nyumba za wengine huko mbali, na nyumbani alionekana mwisho wa mwezi. Mke wa kijana huyo aliishi na wakwe zake. Aliolewa mwaka mmoja uliopita, lakini bado aliitwa Bi Harusi. Jina likishakunata mtaani, hata dawa ya madoa hailitoi.

Bi Harusi alikuwa na mimba ya miezi minne. Kazi yake ilikuwa kukunja nguo na kuanika. Siku moja aliinua mikono kutundika shuka, akaona kamba mbili mahali pa moja. Akakaa chini polepole, shuka likiwa bado mikononi, ili lisiguse vumbi. Hata kuzirai katika nyumba hiyo kulikuwa na utaratibu wake.

Mama Pasi alimpeleka zahanati. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama tone la damu, akatikisa kichwa. Damu ilikuwa kidogo. Alimpa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia avimeze kila siku kwa maji, asivimeze kwa chai, kwa sababu chai huzuia dawa isifanye kazi. Akamwambia pia ale maharage, ale dagaa akipata, na kila siku ale mboga za majani mabichi ya kijani.

"Majani hayachukui nafasi ya vidonge," alisema muuguzi. "Yanavisaidia. Vyote viwili vinatakiwa. Mimba ikifika mwezi wa saba nitapima tena. Damu ikiwa bado chini, sitakubali ujifungulie hapa. Nitakupeleka hospitali kubwa mapema. Mwanamke akijifungua lazima amwage damu, na wewe huna akiba ya kumwaga."

Neno hilo Mama Pasi alilibeba njia nzima. Alipolirudia nyumbani, Dobi aliacha kukamua suruali aliyokuwa anaikamua. Mboga sokoni hazikuwa na uhakika. Leo zipo, kesho hakuna, keshokutwa zipo lakini zimelala kama wagonjwa.

"Mjukuu wangu hatakosa jani wakati mimi nina ua," alisema Dobi.

Kesho yake alianza bustani.

Sasa, mtu hulima kwa akili aliyo nayo, na Dobi alikuwa na akili ya dobi. Alichimba pembeni, karibu na mabeseni. Akatoa mawe. Akatoa mizizi. Akatoa majani yaliyooza. Alipokutana na nyungunyungu, aliwashika kwa kibanio cha nguo, akawarusha ng'ambo ya ukuta. Kisha akachekecha udongo wote kwa chekeche mpaka ukawa laini kama unga. Takataka alizozitoa akazichoma moto. Akapanda mchicha kwa mistari iliyonyooka kama mkunjo wa suruali ya bwana harusi. Mama Pasi alipotazama, alisema kilichobaki ni kuipiga pasi.

Kumwagilia hakukuwa na shida. Maji ya kufulia yalikuwapo tele. Dobi alieleza kwamba sabuni huua vijidudu, kwa hiyo mboga zake zitaota zikiwa zimeshaoshwa.

Bi Harusi alikuwa na wasiwasi. Lakini mkwe atamwambiaje baba mkwe kwamba anakosea? Alikohoa. Dobi akamshauri anywe maji ya moto.

Mbegu ziliota. Kwa siku chache nyumba ilikuwa na furaha. Kisha majani yakageuka njano. Kingo zake zikakauka kama zimeunguzwa na pasi. Miche ikalala chini, mmoja baada ya mwingine, kwa mistari ileile iliyonyooka. Dobi akapanda tena. Ikalala tena. Udongo ukafanya ukoko mweupe juu, mgumu kama sakafu.

Na Bi Harusi sasa alikuwa anaanika nguo akiwa amekaa kwenye stuli. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Usiku Dobi alimsikia akiuliza kama hospitali kubwa ni mbali sana, na Mama Pasi akimjibu kwamba si mbali. Wote watatu walijua kwamba ni mbali.

Basi ikaja asubuhi moja ya baridi. Dobi alikuwa amekwisha kuanika mashuka ya nyumba ya wageni, meupe pe, kamba hadi kamba. Akageuka. Akaona moshi.

Ulikuwa unapanda ng'ambo ya ukuta, mweupe, polepole. Dobi hakufikiri. Alichota ndoo ya maji akakimbia. Alibisha hodi akiwa ameshaingia.

Huyo jirani aliitwa Bibi Hamira. Alikuwa ameoka mikate ya mtaa mzima kwa miaka mingi, mpaka magoti yakagoma. Tangu hapo alikaa nyumbani na kuku wake na bustani yake. Dobi hakuwa na ugomvi naye. Ila hakuwahi kumtembelea. Ua wa Bibi Hamira, kwa macho ya Dobi, ulikuwa jalala lenye mlango. Majani makavu yalilala chini kila mahali, na hakuna aliyeyaambia yaamke.

Bibi Hamira alikuwa amekaa juu ya kreti, anachuma mchicha. Nyuma yake kulikuwa na lundo la takataka, refu kufikia kiuno cha mtu, limefunikwa gunia. Lundo hilo ndilo lililofuka. Dobi akainua ndoo.

"Jirani," alisema Bibi Hamira, hata hakuinuka. "Ukimwaga maji yote hayo utawazamisha wafanyakazi wangu. Weka ndoo chini. Shika kwanza."

Akafunua gunia, akachimba ubavuni mwa lundo kwa kijiti. Dobi akaingiza mkono. Akautoa upesi.

Lilikuwa la moto. Si moto wa jua, maana jua lenyewe lilikuwa bado linapiga miayo. Lilikuwa na moto wa ndani, kama paji la mtoto mwenye homa.

Dobi aliinama kutazama chini yake. Hakuona jivu. Alilizunguka lote. Alinusa. Hakuna harufu ya kuungua. Alikuwa ametumia maisha yake yote kununua mkaa wa pasi, kuupuliza, kuulinda usizimike. Alijua joto halitoki bure. Na hapa palikuwa na maganda ya viazi yaliyojipasha moto yenyewe.

"Mkaa umeuweka wapi?"

"Sijaweka."

"Basi nani amewasha?"

"Waliowasha hawaonekani kwa macho," alisema Bibi Hamira. "Wamo humo. Kiganja kimoja tu cha mboji hiyo kina wengi kuliko watu wote uliowahi kukutana nao tangu uzaliwe. Wanakula yale majani. Na anayekula kwa bidii hutoka jasho. Huo unaouona si moshi. Ni mvuke. Ni jasho lao."

Dobi aliutazama mkono wake kama si wake.

Bibi Hamira alimweleza habari ya hamira. Unga na maji vikilala peke yake, ukiamka unavikuta vilevile. Ukitia hamira, ambayo nayo ina uhai, unga unajiinua wenyewe bila mkono wa mtu. Miaka yote aliyooka, alisema, hakuacha kushangaa kila alfajiri alipofunua beseni. Watu walidhani anaamka mapema kwa ajili ya kazi. Aliamka mapema ili aone.

Wakasimama hapo wote wawili, wanatazama lundo la takataka kama watu wanaotazama mwezi ukichomoza. Mashuka ya nyumba ya wageni yakasahauliwa.

Ndipo Dobi akamwambia. Alimwambia habari ya damu ya mkwe, na mwezi wa saba, na mchicha uliolala mara mbili. Bibi Hamira alisikiliza hadi mwisho. Hakumcheka, ingawa hakuwa mtu wa kuacha kicheko kipite bure. Aliichukua ile ndoo, akamwaga maji kwenye shina la mpera. Kisha akaijaza mboga zote alizokuwa amechuma asubuhi ile.

"Kila siku lete ndoo, mpaka bustani yako isimame," alisema. "Na usinipe asante kila siku. Nitachoka kuitika."

Dobi alikwenda kuzima moto, akarudi na kitoweo. Mama Pasi alimuuliza moto umefikia wapi. Dobi alisema ngoja kwanza, wewe washa jiko.

Jioni Bibi Hamira alikuja kwa fimbo yake kuona shamba la dobi. Bi Harusi alimwamkia shikamoo, akamletea stuli. Bibi Hamira alimwambia mjukuu wangu, stuli hii naona wewe unaihitaji zaidi, akamketisha yeye. Akaomba kikombe cha maji, akakimwaga juu ya udongo wa Dobi. Maji yalitulia juu kama yaliyomwagika mezani. Kisha akafungua kitambaa alichokuwa amekifunga kiunoni. Ndani mlikuwa na udongo wa kwake, mweusi, wenye chembechembe kama makombo ya keki. Akaumwagia maji. Maji yakaingia, yakapotea, kana kwamba udongo ulikuwa na kiu ya muda mrefu. Nyungunyungu mmoja akatoa kichwa kuona nani anagawa maji.

Dobi akarudi nyuma hatua moja.

"Usimkimbie," alisema Bibi Hamira. "Mnafahamiana. Wewe ndiye uliyemrusha kwangu. Umenirushia vibarua wako wote, jirani, na mimi nikawapokea. Wanatoboa udongo, hewa na maji vinapita. Wanakula majani yaliyooza, wananiachia mbolea. Na hawaulizi chakula cha mchana."

Mama Pasi alicheka mpaka akaweka pasi chini. Bi Harusi alitazama pembeni kwa heshima, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Bibi Hamira aliendelea bila kuficha neno. Udongo una uhai. Unakula, unakunywa, unapumua. Dobi aliunyima chakula alipotoa majani, akauziba pumzi alipouchekecha, kisha akaunywesha sabuni. Sabuni za kufulia na dawa za madoa zina chumvi na magadi. Chumvi hiyo hubaki udongoni, huunguza mizizi, hufukuza nyungunyungu. Kona ile iachwe ipumzike, mvua iioshe. Maji ya kufulia yapelekwe kwenye shimo la mawe, mbali na mboga. Bustani ihamie upande wa pili, na inyweshwe maji safi au ya mvua.

"Kumbe nimeufua udongo," alisema Dobi polepole.

"Umeufua, ukatakata," alisema Bibi Hamira. "Na kilichotakata namna hiyo hakizai."

Maneno hayo yalimwingia Dobi.

Kesho yake walianza kutengeneza lundo lake. Bibi Hamira alielekeza akiwa amekaa. Chini waliweka vijiti ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, tabaka nene. Juu ya hayo maganda ya jikoni na majani mabichi. Kisha samadi kidogo ya kuku wake, kisha udongo wa kunyunyiza. Halafu upya, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiunoni. Alikataza nyama, mifupa na mafuta, kwa sababu vitaalika panya. Alikataza plastiki. Kinyesi cha mbwa, cha paka au cha mtu alikikataza kabisa, kwa sababu kina magonjwa. Na kila anayegusa lundo anawe mikono kwa sabuni, na kila mboga ioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

"Hapo kwenye kunawa tumeelewana," alisema Dobi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu siku hiyo.

Likabaki suala la unyevu. Lundo likikauka, wafanyakazi wanakufa kwa kiu. Likilowa, wanakosa hewa na linanuka. Bibi Hamira alisema watu wengi hushindwa hapo. Linatakiwa liwe kama nguo iliyokamuliwa vizuri.

Dobi alichukua kiganja cha mchanganyiko, akakifinya, akafumba macho. Akaongeza maji kidogo. Akafinya tena. Akasema tayari. Bibi Hamira naye akafinya, akakubali kwamba tangu azaliwe hajaona mtu anayepata kipimo hicho mara ya kwanza. Basi wakatazamana kwa heshima, fundi na fundi.

Wakafunika kwa gunia, wakangoja.

Lundo halikupata moto. Asubuhi ya kwanza Dobi aliingiza mkono, baridi. Asubuhi ya pili, baridi. Wiki ikapita, likiwa baridi kama uso wa mdai. Dobi alidhani labda wale wasioonekana wamemkataa yeye binafsi. Bibi Hamira akaja, akachimba, akanusa. Akavuta ganda la ndizi. Lilikuwa linang'aa.

Alimuuliza Dobi amefanya nini. Dobi alisema hakufanya kitu.

"Aliyaosha," alisema Mama Pasi kutoka dirishani. "Maganda yote. Na ile samadi aliisuuza mara tatu. Kwa sabuni."

Bibi Hamira alikaa chini kwanza ndipo akacheka, kwa sababu ya magoti. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Alimwambia Dobi kwamba amewaalika wageni, kisha akawafulia chakula. Dobi mwenyewe alishindwa kujizuia. Na Bi Harusi, ambaye kwa miezi alikuwa anakohoa tu, akapata sauti.

"Baba, mimi niliona siku ile," alisema. "Niliogopa kukwambia. Hata yale maji ya sabuni, niliona."

Dobi alimtazama mkwe wake, na vile viganja vyeupe.

"Mwanangu," alisema, "siku nyingine usikohoe. Sema."

Walilivunja lundo, wakalijenga upya kwa maganda yenye uchafu wake halali. Bi Harusi ndiye aliyesimamia, kutoka kwenye stuli. Dobi alizuiwa kugusa kitu chochote kilicho karibu na beseni. Mama Pasi alificha ufagio.

Asubuhi ya siku ya tatu Bi Harusi ndiye aliyeamka wa kwanza. Jua lilikuwa bado. Alitoka nje, akaona uzi mwembamba, mweupe, unapanda juu ya gunia. Hakuita mtu. Alikwenda, akafunua, akaingiza mkono.

Joto lilimpanda hadi kwenye kiwiko. Akasimama hivyo, mkono mmoja ndani ya lundo, mwingine juu ya tumbo. Alifikiria wale wote wasioonekana, wanakula gizani, wanageuza takataka kuwa chakula, bila kelele, bila taa. Na wakati huohuo, chini ya mkono wa pili, kitu kiligonga. Kidogo. Kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Dobi na Mama Pasi walipotoka walimkuta amesimama palepale, machozi yanamtiririka, anatabasamu. Dobi alidhani ameungua. Aliposikia sababu, alivua kofia. Hakujua kwa nini alivua kofia. Hakukuwa na mtu mpya pale. Au pengine alikuwapo.

Tangu siku hiyo kazi ilikwenda. Kila wiki waligeuza lundo, la ndani likaja nje, la nje likaenda ndani, ili hewa ipite. Mpaka liive, waliishi kwa ndoo ya Bibi Hamira. Bi Harusi alimeza vidonge kwa maji. Mboga alikula na kipande cha limau, kwa sababu muuguzi alisema limau husaidia mwili kupokea madini ya kuongeza damu yaliyo kwenye majani.

Ilipopita miezi miwili na zaidi kidogo, lundo lilikuwa limepoa na kushuka. Maganda hayakuonekana tena, wala majani. Palikuwa na kitu cheusi, chepesi, kinachonuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Dobi alikinusa kwa muda mrefu. Yeye aliyejua harufu zote za sabuni alisema hiyo ndiyo harufu safi kuliko zote.

Walichanganya mboji na udongo wa upande wa pili, wakapanda mchicha na kunde. Juu walitandaza nyasi kavu ili unyevu usikimbie. Hapo Dobi aliteseka. Nyasi chini, na yeye hana ruhusa ya kufagia. Mkono wa ufagio ulimwasha. Lakini alipoinua nyasi mchana wa jua kali, akakuta udongo chini yake umelowa na ni wa baridi, aliirudisha taratibu kama anayemfunika mtoto.

Mchicha ulisimama. Wiki ya nne walichuma ndoo yao wenyewe. Dobi aliibeba yote, akaivusha ukuta, akampelekea Bibi Hamira. Hakusema asante. Aliweka chini akaondoka. Bibi Hamira alielewa.

Wakati huo mwezi wa saba ulikuwa umeshapita. Muuguzi alikuwa amemtoboa Bi Harusi kidole, akatazama, akatoboa kingine kwa kutoamini. Damu ilikuwa imepanda. Alimwambia akiendelea hivyo atajifungulia papo hapo, karibu na kwao.

Na akajifungulia papo hapo. Mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuuza samaki. Baba yake alifika na vumbi la saruji kichwani, na Dobi akamzuia mlangoni mpaka anawe.

Siku chache baadaye, muuguzi alikuja nyumbani kumwangalia mama na mtoto. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Alipoingia uani aliona moshi mweupe unapanda nyuma ya kamba za nguo. Alitupa mkoba, akanyakua ndoo ya maji, akakimbia.

Dobi alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya lundo jipya, mjukuu mapajani, anachambua mboga kwa mkono mmoja.

"Mama," alisema, hata hakuinuka. "Weka ndoo chini. Shika kwanza."

Muuguzi akashika. Mkono haukutoka upesi. Ulikaa humo, na uso wake ukabadilika, ukawa kama wa mtoto.

"Nani amewasha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Dobi alimwaga maji ya ndoo ile kwenye mashina ya kunde, akaijaza mchicha mpaka juu, akamkabidhi.

"Kaa nikueleze," alisema. "Na usiniambie asante. Nitachoka kuitika."

Ng'ambo ya ukuta, mtu aliyekaa juu ya kreti alicheka.